Hela zimetoka Muscat, kiwanja kimeandikwa jina la kaka: sheria inasemaje?

Ukipita barabara kuu kutoka Rhotia hadi karibu na lango la Ngorongoro, pande zote mbili utaona nyumba zilizoishia kwenye lenta. Nondo zimechomoza juu, na ndani, pale palipopangwa kuwa sebule, majani yamefika kiunoni. Nyingi zimesimama kwa sababu tunayoijua wote: hela imekwisha. Lakini zipo zilizosimama kwa sababu mwenye hela na mwenye jina hawaongei tena.

Swali hili halimalizi mwezi bila kurudi kwenye simu zetu, na siku hizi linakuja zaidi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka nje ya nchi. Mmoja yuko Muscat, mwingine Dubai, mwingine Ujerumani, mwingine Marekani alikokwenda baada ya miaka ya kuongoza watalii. Wote huanza kwa maneno yanayofanana: "Nilimtumia ndugu yangu..." Dakika mbili za hewani hazitoshi kulijibu, ndiyo maana tumeliandika hapa kwa urefu.

Tuweke mfano. Si wa mtu mmoja. Tumeuunganisha kutoka kwenye simu nyingi ili asitajwe yeyote.

Dada wa Endamarariek amekwenda Oman kufanya kazi za ndani. Amemaliza mkataba wa miaka miwili, akaongeza wa pili, akaongeza wa tatu. Kila mwezi anamtumia kaka yake hela, mara laki tatu, mara laki tano, kwa benki, kwa simu, na mara nyingine kwa mkono wa mtu anayerudi likizo. Kaka ananunua kiwanja karibu na Njia Panda ya Mang'ola. Mkataba wa mauziano unaandikwa jina la kaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo. Nyumba inajengwa, picha zinatumwa. Mwaka wa sita dada anarudi na kukuta vyumba vina wapangaji wanaomlipa kaka kodi, na yeye anaonyeshwa chumba cha wageni. Akiuliza anajibiwa: hela zako zilimtibu mama, nyumba nimejenga mimi.

Jibu hilo linauma, lakini tulisikilize kwa masikio ya mwenyekiti wa baraza la ardhi, asiyemjua yeyote kati yao. Mbele yake kuna mkataba wa mauziano wenye jina la kaka na sahihi za mashahidi. Upande wa pili kuna risiti zinazoonyesha kwamba dada alituma hela. Risiti haisemi hela ilikuwa ya kazi gani. Na ni kweli mama aliumwa, na ni kweli sehemu ya hela ilimtibu. Kaka hahitaji kusema uongo mwingi. Anahitaji tu kuchanganya hela mbili zilizokuwa zikifika kwa njia moja.

Watu wengi hudhani usaliti hutokea siku ndugu anapouza au anapojiandika. Kwa tunavyoona sisi, mlango hufunguliwa mapema zaidi, siku hela inapotumwa bila neno linaloeleza kazi yake. Wala dada hakuwa mjinga. Kwetu, kumwambia kaka yako "tuandikishane" ni kama kumwita mwizi kabla hajaiba. Wazee walituachia kwamba mali bila daftari huisha bila habari, lakini hawakutuachia namna ya kumtolea kaka mkubwa daftari bila kumvunjia heshima.

Namna ipo, nayo haimtaki kaka aandike chochote. Dada anaandika mwenyewe, kila anapotuma: "Shikamoo kaka. Leo nimetuma 1,500,000. Hiyo 1,400,000 ni ya kumalizia kiwanja cha Njia Panda, mkataba uandikwe jina langu. Laki moja ni ya dawa za mama." Kaka akijibu "Marahaba, imefika, nitafanya hivyo", hapo tayari kuna makubaliano na yana tarehe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi, mradi anayeuleta aweze kuonyesha ulikotoka na kwamba haujachezewa. Kwa hiyo usiifute simu ya zamani unapopata mpya. Picha ya skrini peke yake hubishiwa kirahisi kuliko simu yenyewe yenye mazungumzo yote tangu mwanzo. Na hela ya mkononi, ile anayobebeshwa rafiki anayerudi likizo, ndiyo inayopotea kabisa kwenye hesabu; kama hapana budi, mwandikie kaka siku hiyo hiyo kiasi na jina la aliyeibeba.

Jina lako linaweza kuandikwa bila wewe kuwepo

"Mimi niko mbali, ningeandikwaje?" Tunaulizwa hivyo kila mara. Mkataba wa kununua ardhi unaweza kuandikwa kwa jina la mtu aliye nje, na ndugu akasaini kwa niaba yake. Kinachohitajika ni hati ya uwakilishi, ile ambayo ofisini wanaiita pawa ofu atoni. Aliye nje huisaini mbele ya afisa wa ubalozi wa Tanzania au mwanasheria mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo huko aliko, kisha hapa nyumbani inalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Tahadhari moja. Wapo wanaompa ndugu hati ya kila kitu: kununua, kujenga, kukodisha, kuuza, kuweka rehani. Halafu nyumba ikiuzwa wanashangaa, wakati walisaini wenyewe. Hati inaweza kuandikwa kwa mipaka. Inaweza kusema kaka atanunua, atasimamia ujenzi na kupokea kodi, na ikasema wazi kwamba hana ruhusa ya kuuza wala kukopea. Inaweza pia kufutwa, lakini kufuta ni lazima kufike kule ilikosajiliwa na kwa watu wanaoitumia. Kumwambia kaka kwenye simu "nimeifuta" hakumzuii kitu. Na siku aliyeitoa akifariki, nguvu yake inaisha hapo hapo.

Kwa hapa Karatu inabidi pia kujua ni ardhi ya aina gani. Sehemu kubwa ya wilaya yetu ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri ya kijiji huisimamia kwa niaba ya wanakijiji, kugawa ardhi kunahitaji kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mtu akihamisha haki yake ya kimila kwa mwingine, halmashauri inatakiwa kuridhia. Kwa hiyo karatasi yenye muhuri wa balozi au wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake haijafika mahali. Ukiwa Ujerumani na umetumiwa picha ya karatasi hiyo, omba pia muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji ulikoandikwa ununuzi huo. Kama haupo, bado hujanunua vizuri, hata kama kaka ni mwaminifu kama malaika.

Karatu mjini kwenye viwanja vilivyopimwa kazi ni rahisi zaidi. Chenye hati kinafanyiwa upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, unalipia, unaambiwa jina lililoandikwa na kama kuna deni. Hatari iko kwenye maeneo yanayorasimishwa. Mpima akifika, anaandika taarifa za anayejitokeza kuwa mwenye eneo, pamoja na namba yake ya NIDA. Anayejitokeza ni yule aliyepo. Watu kadhaa waliotupigia walipoteza jina katika siku hiyo moja bila mtu yeyote kuuza chochote.

Tangu lami ya kutoka Makuyuni ilipofika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, shamba la mahindi la kando ya barabara linaweza kuamka likiwa eneo la loji. Ndugu waliogawana viazi bila neno kwa miaka 30 huanza kupimana kwa hatua.

Nyumba kwenye kiwanja cha baba

Kesi ngumu kuliko zote tunazozisikia ni hii: aliye nje hakununua kiwanja, alijenga kwenye eneo la wazazi. Baba alimwonyesha mahali, akasema jenga hapa mwanangu. Alijenga nyumba nzuri, wazee wakaingia, kila mtu akamsifu. Baba akafariki.

Kisheria, nyumba iliyoshikamana na ardhi huhesabiwa pamoja na ardhi. Kama hakuna maandishi kwamba baba alitoa kipande kile, nyumba inaweza kuorodheshwa katika mali za marehemu na kugawanywa kwa wote, pamoja na ndugu ambao hawakuleta hata mfuko mmoja wa simenti. Anayetuma hela husema nyumba ni yangu kwa sababu nimeilipia. Ndugu husema ni ya baba kwa sababu iko kwake. Mahakama itauliza baba alisema nini, mbele ya nani, na kwa maandishi gani.

Kwa binti, mambo huwa mazito zaidi. Tamko la Sheria za Mila la 1963, ambalo bado linatajwa kwenye vikao vya koo, liliweka warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume la pili, mabinti la tatu. Kaka anayetaka nyumba ya dada yake aliye Oman hulikumbuka tamko hilo haraka sana, ingawa alipokuwa akipokea hela za dada hakukumbuka mila yoyote. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki, matumizi au haki ya kuifikia ardhi kihalali. Dada asikubali kuondolewa kwa neno "mila" peke yake.

Baada ya msiba ukoo hukaa, hupendekeza mtu, na mara nyingi Mahakama ya Mwanzo humteua kuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi hajawa mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na kanuni zinamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Aliye nje na aliyesahaulika katika muhtasari wa ukoo (husahaulika kirahisi, hasa akiwa ndiye aliyelipia jeneza) aombe namba ya shauri la mirathi na apeleke pingamizi mapema. Ardhi ikishagawanywa na kuuzwa, mnunuzi huja na hoja zake kwamba alinunua kwa nia njema, na kesi huwa ndefu. Kwa ardhi yenye hati anaweza pia kuomba zuio kwa Msajili ili isihamishwe kimyakimya.

Nyumba ya mke na mume ina kinga yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama imeandikwa jina la mmoja tu. Mume aliye Karatu hawezi kuuza halali nyumba wanayoishi kwa sababu tu mke yuko safarini.

Waliochukua uraia mwingine

Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayeapa kuwa raia wa Marekani au Uingereza anaacha kuwa Mtanzania, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa miaka mingi watu hawa walipita mlango wa nyuma: ardhi iliandikwa jina la mdogo wake, hela ikatoka kwake. Mdogo mtu alilijua hilo vizuri. Ugomvi ukizuka, mwenye hela anasitasita hata kwenda barazani, kwa sababu itabidi aeleze kwa nini hakuandikwa yeye.

Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayoweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, yakigusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Mwenye hadhi hiyo ana njia ya kumiliki ardhi kwa jina lake. Aliye katika hali hii aanzie ubalozini kuuliza masharti kabla ya kutuma shilingi nyingine. Serikali yenyewe inaziona hela hizi: Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kuwa fedha zilizotumwa nyumbani na Watanzania walio nje kwa mwaka 2022 zilizidi dola bilioni 1 za Marekani.

Aliyebaki nyumbani naye ana hesabu yake

Tukisoma ujumbe wa walio nje, hupokea pia simu za walio hapa, na si wote wezi. Kuna kaka aliyemwamsha baba usiku miaka minane, akalima shamba ili lisivamiwe, akasimamia mafundi, akawalisha, akalinda nondo zisiibwe. Hakulipwa. Kila mara aliambiwa "tutaona kaka, Mungu atakulipa". Siku dada anarudi na wakili, kaka haoni kwamba anarudisha mali ya mtu. Anaona anafukuzwa kazini bila mshahara.

Sisi tunadhani nusu ya kesi hizi zisingefika popote kama kazi ya aliyebaki ingepewa bei tangu mwanzo. Laki moja kwa mwezi ya usimamizi, au chumba kimoja cha kupangisha kiwe chake, au robo ya eneo iandikwe jina lake. Wapo waliofanya hivyo, na hatuwasikii kwenye simu.

Sheria haimwachii kaka kudai umiliki kwa kukaa tu. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi ya mwingine hageuki kuwa mmiliki kwa kukaa muda mrefu, wala kwa kujenga nyumba ya kudumu, wala kwa kulipa kodi ya ardhi kwa jina lake. Ila wembe huo unanyoa pande zote. Aliye nje aliyejenga kwa baba kwa ruhusa ya mdomo naye anaweza kuitwa mwalikwa.

Upande wa Ngorongoro mali yenyewe hutembea

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hakuna hati ya kugombania; ardhi iko chini ya Mamlaka tangu 1959. Kijana anayekwenda kulinda mageti Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi, au aliyevuka bahari, hela yake inakuwa ng'ombe kwenye boma la kaka. Alama ya sikio ni ya boma, si ya mtu. Ndama hawana risiti. Ukame wa 2009 uliua mifugo mingi sana wilayani humo, na tangu hapo kila ukame umekuwa shahidi wa utetezi: "wako wamekufa". Ajabu ya ukame huo ni kwamba hujua ng'ombe wa nani yuko mbali. Ipo sheria ya 2010 ya utambuzi na usajili wa mifugo, na alama ya moto au hereni ya kwako peke yako husaidia, pamoja na picha na hesabu inayotumwa kila msimu wa chanjo.

Kwa kaya zilizohamia Msomera, Handeni, tangu Juni 2022, kuna jambo la ziada. Nyumba na shamba la ekari 5 hutolewa kwa kaya, na mbele ya fomu husimama aliyepo. Ndugu aliye mbali aliyejenga nyumba ya bati kwenye boma la baba, na ambaye hakutajwa siku ya kuhesabu, aulize mapema jina lililoandikwa ni la nani.

Ikiwa imeshatokea

Saa inahesabu. Chini ya Sheria ya Ukomo, anayedai ardhi ana miaka 12, lakini anayedai hela iliyotokana na makubaliano ana miaka 6 tu. Dada wa mfano wetu aliyekaa Oman miaka sita akisubiri "kuja kuongea uso kwa uso" anaweza kukuta dai la hela za mwanzo limelala, la kiwanja bado liko hai. Polisi wakimwambia hilo ni la madai, mara nyingi wako sahihi, ingawa mtu aliyekabidhiwa hela kwa kazi maalumu akaila anaweza pia kushtakiwa kwa wizi wa wakala.

Kikao cha ukoo kifanyike, na muhtasari uandikwe, kwani maneno anayokiri kaka mbele ya wazee yanaweza kuwa ushahidi wa maana kuliko risiti zote. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu. Linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa upande wetu lipo hapa Karatu na linasikiliza migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300. Asiye na uwezo wa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani inaweza kuelekeza waliko.

Na si lazima kupanda ndege kwa kila tarehe. Mbele ya baraza hilo la wilaya mtu anaweza kusimamiwa na wakili, au na ndugu yake. Tukifika hapo kwenye maelezo, wengi walio nje hucheka kwanza. Halafu wanauliza kama shangazi anaruhusiwa.